Njiti hanyonyi sawasawa: anza na dalili unayoiona

Wangu alizaliwa wiki ya 32 akiwa na gramu 1,640. Siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, kila aliyekuja kumwona alimsifia kwa utulivu wake: halii, hasumbui, analala saa nne, saa tano mfululizo. Nami nikavimba kichwa. Tulipomrudisha kupimwa, mizani ikanisuta, maana alikuwa amepungua gramu 60. Kumbe yule mtoto mtulivu alikuwa hana nguvu ya kulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa njiti msemo huo uchukue kama ulivyo.

Kwa hiyo popote hapa chini utakapoona nimeandika saa, nepi au mizani, ndivyo vipimo vya kuamini. Mtoto aliyetimiza miezi yake ataomba mwenyewe, lakini njiti huombewa.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Ukitaka kujua unaweza kutegemea nini kwake, chukua wiki alizozaliwa nazo, ongeza wiki alizokaa nje. Aliyezaliwa wiki ya 30 na sasa ana wiki nne yuko kwenye wiki ya 34. Kabla ya wiki ya 32 wengi hulamba, hunusa na hunyonya mara mojamoja, na hiyo ni mazoezi tu, shibe bado. Kati ya wiki ya 32 na ya 34 uwezo wa kupanga mambo matatu kwa pamoja, yaani kuvuta, kumeza na kupumua, unaanza kujitokeza. Hadi wiki ya 36 au 37 bado anajifunza. Mengi yanayoitwa matatizo ya kunyonya ni umri tu, na dawa yake ni kumlisha kwa njia nyingine huku ukingoja.

Jihadhari zaidi na waliozaliwa wiki ya 34 hadi ya 36. Wanaonekana wakubwa, wanaruhusiwa mapema na watu wanawahesabu kama watoto wa kawaida, ilhali nguvu zao za kunyonya ni za njiti.

Kwanza: dalili za kuacha kusoma

Ukiona mojawapo ya hizi, muite muuguzi kama mko wodini. Kama mko nyumbani, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, muende hospitali sasa hivi.

- Ameacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi kuliko huo lakini midomo na ulimi vimegeuka bluu au kijivu.
- Akiwa ametulia anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, au anaguna kila anapotoa pumzi.
- Anatapika matapishi ya kijani, kinyesi kina damu, au tumbo limevimba na kukaza.
- Joto la kwapani liko chini ya nyuzi 36, au liko kati ya 36 na 36.5 na halipandi baada ya saa moja ya ngozi kwa ngozi. Au limezidi 37.5 na halishuki baada ya kumpunguzia nguo. Likifika 38 usingoje kupunguza nguo.
- Ana degedege, amelegea kama kitambaa, haamki, au amekosa milo miwili mfululizo.
- Umanjano umefika viganjani na nyayoni.

Amelala tu, haamki kunyonya

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowapata wengi, ni kwamba anangojewa alie. Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa, na njiti mara nyingi haifikii. Zilizotangulia ni ndogo mno: macho yanacheza chini ya kope zilizofungwa, ncha ya ulimi inatokeza, mkono unasogea kuelekea mdomoni kisha unaishia njiani. Zikipita hizo bila titi kuja, anarudi usingizini. Tazama saa. Tangu mlo uliopita ulipoanza zisipite saa tatu, mchana na usiku, na kwa walio wadogo zaidi kila baada ya saa mbili.

Ya pili ni baridi. Mtoto aliyepoa hutumia nguvu zake zote kujipasha joto, hazibaki za kunyonya. Shika nyayo, kisha tumbo. Nyayo baridi na tumbo lenye joto maana yake ameanza kupoa. Vyote viwili vikiwa baridi, amepoa tayari. Kipimajoto kwapani kisome kati ya 36.5 na 37.5. Na kuna kinyume chake ambacho wengi hawakifikirii: mtoto aliyefungwa nguo tatu na blanketi mbili husinzia kwa joto.

Tiba ya sababu zote mbili ni moja. Mvue, mwache na nepi na kofia, mweke wima katikati ya matiti yako, kifua kwa kifua, mfunike mgongo. Mpe nusu saa. Baba naye anaweza kufanya hivyo wakati wewe umepumzika. Mara nyingi utamsikia anaanza kutafuta kwa mdomo bila kuamshwa na mtu. Kama bado, mbadilishe nepi, mpapase mgongo, mkalishe wima ukimsemesha. Kumnyunyizia maji au kumfinya usithubutu, kunampoza na kumchosha.

Umanjano ni wa tatu. Unaleta usingizi, usingizi unaleta kutokula, kutokula kunaongeza umanjano. Mtazame penye mwanga wa jua la dirishani: weupe wa macho, fizi, kisha viganja na nyayo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee mashavu.

Sababu adimu zaidi ni maambukizi na sukari kushuka, na hizo hazipimwi kwa macho. Mtoto aliyekuwa ananyonya jana na leo hataki kuamka ahesabiwe mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Anaanza vizuri, kisha anasinzia baada ya dakika tano

Hapa ndipo akina mama wengi wanapokwama, nami nilikwama hapo wiki mbili nzima. Anavuta mara nne, tano, macho yanafumba, taya linaendelea kutikisika kama anayetafuna ndoto. Ukiangalia kwa mbali ananyonya. Ukisikiliza, hamezi.

Basi jifunze kusikiliza. Anapomeza kweli, taya hushuka chini zaidi, linasimama nukta moja, kisha unasikia pumzi nyepesi, "kha". Titi likifunguka, unapaswa kuisikia baada ya kila mvuto mmoja au miwili. Midomo ikitetemeka haraka bila ile "kha", anajiliwaza tu, na hilo si baya, ila usilihesabu kuwa mlo.

Sababu kubwa ni uchovu. Kunyonya ni kazi nzito kwa mtoto wa kilo 2. Ya pili ni maziwa kuchelewa kutiririka, anachoka akiwa bado mlangoni. Ya tatu ni kushika titi juujuu, ambako nitakuja. Upungufu wa damu upo mwisho wa orodha, lakini upo: njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na anayelishwa maziwa ya mama pekee huandikiwa matone ya madini hayo. Uliza kama wako ameandikiwa.

Anza na rahisi. Kabla ya kumweka, kanda titi taratibu na kamua kidogo mpaka maziwa yaanze kudondoka yenyewe. Akisinzia, kamata titi kwa kiganja mbali na weusi wa chuchu, libane polepole na ushikilie; maziwa yataingia mdomoni, atameza, ataamka. Akiacha kuvuta, achia. Akianza tena, bana tena. Titi moja likiwa halimwamshi, mhamishie la pili, na kule kuhamishwa kwenyewe kunamzindua.

Muda uwe na kikomo. Nusu saa kwa mlo mzima inatosha kwa njiti. Zaidi ya hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza. Najua wapo watakaokwambia umwache titini mpaka aachie mwenyewe. Ushauri huo ni mzuri kwa mtoto aliyetimiza miezi. Kwa njiti, muda ukiisha mpe maziwa uliyokamua kwa kikombe au mrija (ule unaopitisha maziwa puani au mdomoni hadi tumboni) kulingana na ulivyoelekezwa, kisha kamua tena kwa ajili ya mlo ujao. Kunyonyesha, kuongezea, kukamua: mzunguko huo unachosha na hauna mapambo yoyote, lakini ndio unaovusha wengi.

Kikombe nacho kina adabu yake. Mkalishe karibu wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, uinamishe mpaka maziwa yaguse tu midomo. Njiti atalamba kwa ulimi kama paka. Usimmiminie hata tone. Anayemiminiwa hamezi kwa hiari yake, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Hashiki titi, au analishika na kuliachia

Tatizo la kawaida ni vipimo: mdomo mdogo, chuchu kubwa. Hilo linatibiwa na wiki, linakwisha lenyewe anapokua. Lakini kabla ya kulaumu chuchu zako, angalia mkao.

Njiti hana shingo ya kujitegemea, kichwa ni kizito kwake. Mpakate kwa mkono ulio kinyume na titi: ukimpa titi la kushoto, mkono wa kulia ndio umbebe, kiganja kikae mabegani na vidole nyuma ya masikio. Kisogo usikisukume, kwani atarudisha kichwa nyuma kwa nguvu na utadhani anakukataa. Au mpitishe kwapani, miguu ikielekea nyuma yako. Tumbo lake liguse mwili wako, na sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Ngoja afunue mdomo wazi kama anayepiga miayo ndipo umlete yeye kwenye titi, usipeleke titi kwake. Akishika vizuri, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na weusi unaobaki nje ni mwingi juu kuliko chini.

Titi likijaa na kuwa gumu kama mpira uliojaa upepo hawezi kulishika hata awe hodari vipi. Kamua kidogo mpaka weusi ulainike.

Kama anashika kisha chuchu inamponyoka, taya ndilo dhaifu. Liweke titi juu ya vidole vitatu vya mwisho, kisha kidole gumba na cha shahada vitokeze mbele vishike mashavu yake kwa wepesi, kidevu kikae katika uwazi kati ya vidole hivyo viwili. Utaona anatulia. Hii ilinisaidia mimi kuliko yote niliyofundishwa.

Yakishindikana haya, kuna kifuniko chembamba cha silikoni kinachovikwa juu ya chuchu, ambacho huwasaidia baadhi ya njiti kushika na kupata maziwa zaidi. Kisiwe uamuzi wa peke yako: kipimo kikikosewa kinaumiza, na lazima uendelee kukamua na mtoto aendelee kupimwa uzito. Mwishoni mwa orodha kuna utando mfupi chini ya ulimi na mwanya wa kaakaa, vya kuangaliwa na mtaalamu.

Anapaliwa, anakohoa, anageuka rangi

Mara nyingi maziwa yamemjia kwa kasi kuliko awezavyo kumeza. Kamua ule mkondo wa kwanza uishie kwenye kitambaa au kikombe, kisha mnyonyeshe ukiwa umeegemea nyuma yeye akiwa juu yako, maziwa yapande kuliko kushuka. Angalia pia shingo. Kidevu kilichokunjwa mpaka kifuani kinabana njia ya hewa.

Sababu inayofuata ni ile ya umri. Anavuta, anavuta, anavuta, amesahau kupumua. Hesabu mivuto: ikifika mitano bila kusimama kuvuta pumzi, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo uachanishe, ngoja apumue mara kadhaa, mrudishe. Baada ya siku chache wengi hujifunza kusimama wenyewe.

Akigeuka rangi au kulegea, mtoe titini mara moja, mkalishe ameinama kidogo mbele huku umeshika kidevu, msugue mgongo, mgongegonge nyayo kwa kidole. Asipopumua papo hapo, piga kelele za msaada na uanze kumpulizia pumzi kama ulivyofundishwa. Kama hukufundishwa, omba kufundishwa kabla ya kuruhusiwa. Ni haki yako na haichukui nusu saa. Hata akirudi sawa peke yake, kugeuka rangi hata mara moja kunataka daktari siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu, moyo na maambukizi vyote huweza kujionyesha hivyo. Mpaka aonwe, usimlishe kwa mdomo.

Maziwa ni kidogo, au yanazidi kupungua

Siku ya kwanza na ya pili kupata matone tu ni kawaida. Dang'a, yale maziwa ya njano, huja kwa matone mpaka mililita chache, na kila tone lina kazi. Likamue kwa mkono kwenye kijiko au livute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Pampu hulipoteza kwenye kuta zake. Wasiwasi uanze kama siku ya tano imefika na hakuna kilichobadilika.

Sababu namba moja, iko mbali mbele ya nyingine zote, ni kukamua mara chache. Titi hutengeneza kulingana na linavyomwagwa. Maziwa yakikaa ndani, mwili unaambiwa hayahitajiki. Mtoto aliyetimiza angelifanya kazi hiyo mara 8 mpaka 12 kwa siku, kwa hiyo nawe kamua mara 8 au zaidi katika saa 24, na angalau mara moja iwe usiku wa manane, ambapo homoni ya kutengeneza maziwa iko juu. Anza ndani ya saa moja au mbili baada ya kujifungua kama hali inaruhusu, na zisipite sita. Niliwahi kujidanganya kwamba usiku mmoja mzima wa usingizi hautadhuru. Siku mbili baadaye chupa ilinijibu.

Andika kwenye daftari kila ukamuaji: saa na kiasi. Jumla ya siku ndiyo inayosema kweli, kwa sababu mlo mmoja hupanda na kushuka. Lengo zuri mwisho wa wiki ya pili ni kati ya mililita 500 na 750 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya anayohitaji mtoto sasa, na ndivyo inavyotakiwa. Mtoto wa kilo 2 aliyefikia kiwango kamili huhitaji takriban mililita 320 kwa siku, yaani milo minane ya mililita 40 (kiwango cha wako kinatoka kwa wanaomtibu), lakini akiwa na miezi miwili zaidi atataka yote unayojenga leo.

Sababu ya pili ni namna ya kukamua. Kwa mkono: kidole gumba juu, vingine chini, sentimita 2 au 3 kutoka mzizi wa chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi wala chuchu isivutwe, ikiuma, umekosea. Zungusha vidole ufikie pande zote. Kwa pampu, tazama koni yake. Chuchu ikisuguana na kuta ni ndogo mno, na weusi mwingi ukivutwa ndani ni kubwa mno. Kukanda titi kabla na wakati wa kukamua huongeza kiasi, na baada ya tone la mwisho endelea dakika mbili.

Ya tatu ni mwili kukataa kuachia. Maumivu, hofu na baridi huzuia homoni inayosukuma maziwa nje. Wodi ya watoto mahututi ina vyote vitatu. Kamua ukiwa karibu na mtoto, au mara tu baada ya kumbeba kifuani, au ukinusa kofia yake. Usidhani ni upuuzi. Utaona matone yanageuka mchirizi.

Na hapo kuna dawa nisiyochoka kuisema. Kumbeba njiti ngozi kwa ngozi kulianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu inkubeta hazikutosha. Leo haihesabiki tena kuwa njia ya wasio na vifaa. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto aimarike kwanza, kulipunguza vifo kwa robo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 mpaka 24 kwa siku. Maziwa ya mama nayo huongezeka. Wakikwambia ungoje, uliza kwa heshima: tunangoja nini?

Sababu za ndani zaidi ni chache lakini usizipuuze: kipande cha kondo kilichobaki (damu haikomi, maziwa hayaji), kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, ugonjwa wa tezi la shingo, kisukari kinachochelewesha maziwa. Kuna na dawa: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili na baadhi ya dawa za mafua za kufungua pua hupunguza maziwa. Dawa za kuongeza maziwa zipo pia, ila baadhi zinagusa mapigo ya moyo, kwa hiyo usizinunue kwa kuambiwa na jirani. Kama umekamua mara 8 kwa siku kwa wiki nzima na jumla haipandi, nenda ukapimwe wewe.

Uzito hausogei

Kwanza hakikisha mizani haikudanganyi. Mizani ileile, mtoto uchi, saa ileile. Nepi iliyolowa peke yake inaweza kuficha wiki ya hasara. Katika siku za mwanzo watoto wote hupungua, na njiti huchukua kama wiki mbili kurudia uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo aongeze gramu 15 mpaka 20 kwa kila kilo yake kwa siku, na akivuka kilo 2, gramu 20 mpaka 30 kwa siku.

Asipofikisha, sababu ya kwanza ni kwamba anachopata ni kidogo kuliko mnavyodhani. Hesabu milo ya jana, usikisie. Hesabu nepi: baada ya siku ya tano, sita nzito au zaidi. Sababu ya pili ni nishati kupotea kwa baridi, kuogeshwa kila siku, na kupakatwa na wageni kwa zamu. Ya tatu huwa haionekani: mafuta ya maziwa hupanda juu na kuganda kwenye kuta za chombo na mrija. Kabla ya kumlisha, tikisa chombo polepole mpaka tabaka la juu lichanganyike.

Usiseme maziwa yako ni mepesi. Yale ya mwanzo wa kukamua yana rangi ya samawati kwa kila mama, na mama aliyejifungua mapema, kwa wiki za mwanzo, hutoa maziwa yenye protini na kinga zaidi kuliko ya aliyetimiza. Kweli, walio wadogo sana, hasa chini ya wiki 32, wanaweza kuhitaji kirutubisho kinachochanganywa ndani ya maziwa hayohayo. Huo ni uamuzi wa daktari, na wala si hukumu juu ya matiti yako. Usiongeze maji, sukari wala chochote cha kubuni. Akikosa kuongezeka kwa siku tatu mfululizo, au akipungua hata mara moja baada ya kuwa amerudia uzito wa kuzaliwa, arudi kwa wataalamu.

Anacheua

Kucheua maziwa kidogo mdomoni bila kusumbuka ni kawaida. Mkalishe wima nusu saa baada ya mlo, punguza kasi ya kikombe au mrija, na milo iwe midogo na ya mara kwa mara. Linalotisha ni badiliko: aliyekuwa anacheua kijiko sasa anatapika mlo mzima, tumbo linang'aa, kinyesi kina damu, matapishi ya kijani. Njiti hupata ugonjwa mkali wa utumbo unaokwenda kwa saa, si kwa siku. Maziwa ya mama hupunguza hatari yake, hayaiondoi. Acha kumlisha, nendeni.

Matiti yanauma

Chuchu zilizochubuka: rudi kwenye mkao, au punguza nguvu ya pampu. Uvimbe wenye joto na wekundu: endelea kutoa maziwa kwa ratiba yako ya kawaida, weka kitambaa baridi, na usikande kwa nguvu, kunaongeza uvimbe. Homa ya 38 au zaidi, au saa 24 bila nafuu, inataka daktari. Maziwa ya upande huo kwa kawaida hayamwagwi, ila kama mtoto bado yuko wodini waulize kwanza.

Alizoea mrija au chupa, sasa titi halitaki

Kwanza ondoa vita. Mtoto aliyesukumwa titini akilia hujifunza kwamba hapo ni mahali pa kulia. Siku mbili au tatu mbebe tu kifuani wakati ana usingizi nusu, aamke hapo, alambe akitaka. Kama bado ana mrija, mweke kwenye titi lililokamuliwa wakati maziwa yanapita mrijani, ili shibe na titi vijuane. Mtihani mwingine ni kasi: chupa hutoa mara moja, titi hungoja. Kamua mpaka maziwa yatoke ndipo umweke, asikute pakavu.

Kuacha maziwa ya nyongeza kufanyike kwa ngazi na kwa ushauri wa wanaomfuatilia. Chagua mlo anaoamka vizuri zaidi, wangu ulikuwa wa saa kumi na moja alfajiri, umpe titi peke yake, mingine iendelee kuongezewa. Mpimeni mara mbili kwa wiki. Uzito ukipanda, ongeza mlo wa pili. Ukisimama, rudi ngazi moja nyuma ukae hapo wiki. Wengi hufika kwenye titi tupu karibu na ile tarehe waliyotakiwa kuzaliwa, wengine wiki kadhaa baadaye. Wangu alifika siku tisa baada ya tarehe hiyo, na nilijua kabla ya mizani: aliamka na njaa yake, akanipiga kifua kwa ngumi, akalia.